Mistari Kumi na Saba Kila Asubuhi

Jumapili, 2 Machi

Dada,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si hata yule ninayekaa naye dawati moja. Nakuambia wewe kwa sababu umenikasirisha mpaka aibu imeniishia.

Mazingira yako ya kompyuta pale kituo cha kupima maji hayakuwahi kudumu hata siku moja. Kila usiku yalikuwa yanafutika. Kila asubuhi, kabla hujafika, nilikuwa nayajenga upya mimi. Kuanzia Jumanne ya tarehe kumi na mbili Novemba mpaka Ijumaa uliyofungasha mizigo kwenda makao makuu.

Basi. Nimeandika.

Sasa nije kwenye kikaratasi chako cha mistari minne alichokileta Mjomba Alhamisi akitoka kupeleka chupa za maji huko kwenu. "Acha kuingia kwenye akaunti yangu. Kila asubuhi nakuta umefuta kazi. Nimekufungia simu na barua pepe. Usiende kumlilia Mama." Hukuandika hata jina langu. Na umenifungia simu kana kwamba niliwahi kukupigia! Mimi ambaye hata simu ya Bibi naipokea kwa kumkabidhi Mama kabla hajasema haloo.

Sifuti kitu. Nenosiri lako la huko silijui. Kinachofuta ni kontena.

Wewe unaichukulia ile seva ya madaftari kama kompyuta ya mezani, ukiweka kitu kinakaa. Haiko hivyo. Ukifungua daftari lako kwenye kivinjari, ukaandika programu na kuona majibu yake chini, muda wote huo uko ndani ya kontena. Nalo ni kama chumba cha nyumba ya wageni: ukitoka tu, mhudumu anaingia, anatoa shuka, anapanga kila kitu kama kilivyokuwa kabla hujaja. Kinachosalia ni ulichofungia kwenye kabati moja tu, ile folda inayoitwa "kazi". Vipimo vyako ulivihifadhi humo, ndiyo maana havikupotea. Lakini yale mazingira uliyoyapa jina "Maji", ile Python yako maalumu ya kuandikia programu na zile maktaba zake za toleo la zamani zinazoelewa vihisi vyetu vya kupimia maji, uliyaweka nje ya kabati. Hapa kituoni kwetu Mama, msafishaji na mshika funguo, akizima swichi kuu jioni, kama kanuni ya moto inavyosema, kontena linakwenda. Akiwasha asubuhi linaundwa jingine, na hilo halikujui wewe ni nani. Huko kwenu ni vilevile, hata kama anayezima ni seva yenyewe.

Siku ya kwanza nilikwenda na Mama saa kumi na mbili asubuhi kumalizia kuingiza vile vipimo vya kwenye makaratasi ulivyonipa. Nikafungua menyu. "Maji" hayapo. Na jana yake tu ulikuwa umemwonyesha Mkuu wa kituo, akakupigia makofi mbele ya watu wote. Nikajua nimekwisha. Nilidhani ni mimi nimebonyeza kitu. Ulikuwa umeacha amri zako kwenye faili la maelezo, mistari kumi na saba. Nikaiandika mmoja mmoja, nikakosea, nikaanza tena, huku Mama anapiga deki koridoni na kuimba. Ulipoingia saa moja na nusu, "Maji" yalikuwa mahali pake. Hukugundua kitu.

Kesho yake hayapo tena. Keshokutwa, hayapo.

Nilipoelewa kwamba si kosa langu ilikuwa wiki ya tatu. Na ikishafika wiki ya tatu unaanzaje, kwa mtu kama wewe?

Mdogo wako

*

Jumatano, 5 Machi

Wewe Konokono,

Kumbe una maneno! Miaka yote tumelala chumba kimoja sijawahi kupata kwako sentensi ya maneno zaidi ya matano, leo umenishushia kurasa tatu. Na zote uongo.

Nani amekufundisha habari za kontena? Yule mwalimu wenu anayezima kompyuta kwa kuchomoa waya? Mimi nimesomea hii kazi. Nimeajiriwa kwa hii kazi. Kwenye barua yangu ya maombi niliandika kwamba mfumo wangu ulisimama siku hamsini bila kutetereka, ukiacha siku moja ya hitilafu ya umeme, na Mkuu wa kituo akatia saini chini yake. Leo mtoto wa sekondari aniambie zile siku hamsini zilikuwa zake?

Na nikwambie usichokijua. Nilikuona. Ilikuwa Januari, siku ya mvua, nikawahi kufika kwa sababu nilipata lifti. Nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Umekaa kwenye kiti changu, miguu umeikunja juu kama uko kwenu, skrini nyeusi mbele yako, na mstari wa juu kabisa ni amri ya kufuta. Naijua ile amri hata nikiwa usingizini. Sikuingia. Nilivuka barabara nikaagiza chai, nikaishika tu mpaka ikapoa. Niliporudi "Maji" yalikuwepo. Nikasema moyoni, ameogopa, amerudisha.

Sikukuuliza, kwa sababu ukiulizwa unageuka jiwe. Lakini nilimwambia Mkuu asikupe ile nafasi ya mwanafunzi wa likizo. Nilimwambia hujiwezi mbele za watu. Haya, sasa unalo la kukufanya ulie kwa haki.

Hapa makao makuu kila asubuhi nakuta "Maji" yamefutwa. Nimebadilisha nenosiri mara tatu. Inanichukua karibu saa nzima kuyarudisha, wenzangu wanapita na vikombe vyao. Wameshanibatiza jina, Fundi wa Asubuhi. Yule msimamizi wa seva ananiuliza, "Dada, unahitaji msaada?" kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Nilimjibu nina adui, sina shida.

Tarehe ishirini na nane naonyesha mfumo wangu mbele ya jopo. Muda wa majaribio unaishia hapo. Ama nathibitishwa, ama narudi kulala kitanda cha pembeni yako. Kwa hiyo nimemwandikia Mhandisi anayetusimamia, rasmi, kwamba kuna mtu anaivuruga kazi yangu kutoka nje. Akataka jina. Nimempa jina.

Lako.

Dada yako

*

Jumapili, 9 Machi

Dada,

Nimesoma barua yako nimesimama, nyuma ya mlango wa bafu, na Mama anagonga akidhani naumwa tumbo.

Siku ile ya mvua mtandao ulikatika nikiwa mstari wa tisa. Mazingira yaliyojengwa nusu hayakubali kuendelezwa, ni lazima uyafute kwanza ndipo uanze upya. Uliona kufuta. Ungevumilia dakika kumi pale kwenye kioo ungeona kujenga. Lakini wewe ulikwenda kuagiza chai.

Halafu hebu kumbuka hiyo "hitilafu ya umeme" yako. Ilikuwa Alhamisi, wiki ya mitihani yetu. Ulimrukia fundi umeme mbele ya watu ukimwambia amechezea nyaya, naye masikini alikuwa amekuja kubadilisha taa ya chooni. Mpaka leo akipita hapa anamsalimia Mama tu. Ile Alhamisi nilikuwa na mtihani saa moja asubuhi. Ndiyo siku pekee ambayo sikwenda. Kama mimi ndiye ninayefuta, mbona siku nisiyokuwepo ndiyo ilipotea?

Huniamini, sawa. Usiniamini. Fanya hivi, itakuchukua dakika mbili. Tengeneza mafaili mawili matupu. Moja liite "ndani", liweke kwenye folda ya "kazi". Jingine liite "nje", liweke kulekule unakosimika mazingira yako. Usimwambie mtu. Nenda nyumbani. Asubuhi angalia lipi lipo. Kama yote mawili yapo, nipeleke kwa Mhandisi, kwa polisi, kwa nani sijui, sitajitetea.

Na ile nafasi ya likizo. Unajua nilijizoeza ile sentensi juma zima? Nilijizoezea bafuni, bomba limefunguliwa ili msinisikie. "Shikamoo Mkuu, naomba kama kuna nafasi ya kusaidia kwenye takwimu." Nilifika kwenye "naomba" akanikatiza, "Mwanangu, mwaka huu tumeamua hapana." Alikuwa anaangalia chini. Nikadhani nina harufu. Dada, kweli kabisa, nilikwenda nyumbani nikanusa sare yangu.

Mama anakusifu kwa kila anayeingia. Juzi aliyekuja kusoma mita alikaa robo saa akisimuliwa habari za "Injinia wangu". Mimi nilikuwa hapohapo. Yule bwana akaniuliza, "Na wewe je?" Mama akanijibia: "Huyu ni mpole."

Mdogo wako

*

Alhamisi, 13 Machi

"Ndani" lipo. "Nje" halipo.

Nimerudia mara tatu.

Usiniandikie tena.

*

Jumapili, 16 Machi

Dada,

Nakuandikia. Ukitaka chana, lakini soma ukurasa wa pili kwanza kabla ya kuchana.

Mjomba anasema amechoka kuwa tarishi wa vita asivyojua chanzo chake. Amesema, "Nabeba chupa za maji machafu na barua zenu, na sijui kipi kati ya hivyo kina sumu zaidi." Alipokuletea ile bahasha ya Jumatatu anasema uliichukua pale getini bila hata kumpa shikamoo, na macho yalikuwa mekundu. Sifurahii. Nilitaka kufurahi nikashindwa.

Kwenye ukurasa wa pili nimekuandikia kila kitu kwa mkono, kwa herufi kubwa, ili usikosee nukta na mistari. Usiyajenge "Maji" pale yanapojengwa kwa kawaida. Yape mahali pa kujengwa, uyaelekeze ndani ya folda ya "kazi". Yakishakaa humo hayatafutika, kontena lije au liende. Kitakachopotea kila usiku ni jina lake tu kwenye menyu, na hilo unalirudisha kwa mstari mmoja wa kuyatambulisha. Mstari mmoja badala ya kumi na saba. Sekunde tatu badala ya saa nzima. Nimeujaribu kwenye seva ya shule.

Usipandishe toleo la zile maktaba mbili nilizozipigia mstari. Mpya hazisomi vihisi vya tope, zitakupa majibu sifuri, na sifuri itaonekana kama maji safi. Hapo ndipo mtu anaweza kuumia kweli.

Njia nzuri zaidi ni kumwomba yule msimamizi wa seva aiongeze mistari yako kwenye faili la maelekezo ambalo makontena yote huundwa kutokana nalo. Likizaliwa, linazaliwa na "Maji" tumboni. Lakini hiyo inahitaji umwendee mtu umwambie, "Sijui, nisaidie." Mimi siwezi kwa sababu ya aibu. Wewe huwezi kwa sababu nyingine.

Unajua sisi shuleni kompyuta tunafundishwa kwa ile lugha nyingine, ya kigeni. Nikiogopa nafikiri kwa ile, maneno yanakuwa machache na safi. Nikikasirika narudi kwenye hii. Barua hii nimeiandika yote kwa hii, tangu mstari wa kwanza.

Uliniuliza zamani, tukiwa wadogo, kwa nini sisemi kitu hata nikionewa. Nitakujibu leo. Siku ya kwanza uliponipa nenosiri lako ili niingize vipimo, ulinishika bega ukaniambia mbele ya wale wawili wa maabara: "Huyu ni mikono tu. Kichwa ni mimi." Wakacheka. Mimi nami nikacheka. Sasa ungetaka mikono ije ikwambie nini?

Rudisha malalamiko yako kwa Mhandisi. Mwambie ulikosea. Sitaki samahani, samahani zako huwa zina makali pembeni. Nataka jina langu litoke kwenye ile karatasi.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 20 Machi

Mdogo wangu,

Sikuchana.

Nimefanya kama ulivyoandika. Siku ya tatu leo "Maji" yako hai. Natamani yangekataa.

Unataka nirudishe malalamiko. Unafikiri malalamiko ni mpira, ukiurusha unakurudia? Mhandisi aliyachukua kwa uzito. Ameyapeleka kwa watu wa usalama wa mifumo. Wakaniita jana, wawili, wapole kuliko inavyohitajika. Wanauliza: huyu ndugu yako alianzaje? Nikasema alizoea kukaa kwenye mashine yangu kule kituoni. Wakaandika. Sasa nikienda leo niseme, "Samahani, hakuna adui, ni mimi sikujua kontena ni nini," watauliza swali moja tu, na wewe unalijua. Zile siku hamsini zilisimamaje? Ajira yangu imekaa juu ya zile siku hamsini. Nikizitoa, hakuna kitu chini.

Kwa hiyo kuna karatasi ndani ya bahasha hii. Nimeipiga chapa mwenyewe. Inasema kwamba wewe uliingia kwenye kituo asubuhi kabla ya wafanyakazi, ukatumia akaunti yangu bila ruhusa, na kwamba baadaye ulifuta mazingira yangu kwa wivu wa kindugu, na unaahidi hutarudia. Weka saini. Mjomba aniletee Jumatatu. Tarehe ishirini na nane nitasimama mbele ya jopo nikiwa na mfumo unaofanya kazi na tatizo lililokwisha. Ndiyo basi.

Una miaka kumi na sita. Mtoto hafungwi kwa jambo kama hili. Watasema "mambo ya ndugu hayo," wafunge faili. Mimi nina ishirini na nne, na nikianguka hapa hakuna maabara itakayonishika tena.

Usikimbilie kuniona shetani. Ngoja nami nikuulize. Ungeniambia ile Jumanne ya kwanza, ningejifunza ile Jumanne ya kwanza. Ningekasirika, ningepiga meza, lakini leo ningekuwa naijua kazi yangu. Badala yake uliniacha nipande ngazi huku umeishikilia chini kwa mikono yako, kimya, halafu nikafika juu nikaambiwa kumbe ngazi haikuwa imeegemea popote. Huo ni wema? Ulinionea huruma, au ulikuwa unafurahia kuniona nimesimama juu ya mikono yako nisijue?

Jibu hilo kwanza, ndipo uniite muongo.

Weka saini. Nakuomba. Unaona, nimeandika nakuomba.

Dada yako

*

Jumapili, 23 Machi

Dada,

Nilifurahia.

Umeniuliza, nami nimekujibu. Mwanzoni ilikuwa hofu tupu, hilo nilikuambia kweli. Lakini kuanzia Desemba ningeweza kulala mpaka saa moja kama watu wengine, na kukuachia kikaratasi mezani chenye mstari mmoja tu: "Weka ndani ya kazi." Maneno manne! Sikuandika. Nilikuwa naamka mwenyewe kabla Mama hajaniita. Ulipokuwa unaingia na mkoba wako begani, unavuta kiti, unabofya "Maji" bila hata kuangalia, kama mtu anayewasha taa, mimi nilikuwa nimejificha pale stoo ya vyombo nikingojea kengele ya shule, na tumboni kulikuwa kunanichekesha. Nilikuwa nasema: hajui. Kila siku, hajui. Ulipoitwa kwenye ile kazi nilikupigia makofi kuliko wote. Nilijua unakwenda kuanguka, na nilikuacha uende.

Kwa hilo una haki ya kunichukia. Naliandika ili usiseme nimeficha.

Lakini karatasi yako siisaini.

Huko unakaa na watu wapole, hujui kinachotokea hapa. Nikusimulie. Ijumaa Mkuu wa kituo alipigiwa simu na Mhandisi wako. Akamwita Mama. Akamuuliza, "Asubuhi unapofungua, kuna mtu unayeingia naye?" Mama hakujua anaulizwa nini, akajibu kwa fahari, "Naingia na mwanangu mdogo, anajisomea kabla ya shule. Hana makelele." Mkuu akamwambia alete funguo Jumatatu saa tatu, mpaka uchunguzi uishe.

Miaka kumi na tisa amezishika zile funguo. Anazivaa shingoni, unajua, hata akioga anazitundika pale anapoziona. Jana alizing'arisha kwa majivu na kitambaa. Nikamuuliza unafanya nini, akasema, "Sitaki wapewe zikiwa na uchafu." Halafu akasema, "Ila namshukuru Mungu dada yako ameshatoka hapa, aibu hii haimgusi."

Dada, umeandika kwenye ile karatasi "niliingia kwenye kituo asubuhi kabla ya wafanyakazi." Ulipoipiga chapa sentensi hiyo, ulidhani mlango unafunguliwa na nani? Nikitia saini yangu pale, ni Mama ninayemtoa. Mimi watasema ni mtoto. Yeye watamwambia kwaheri. Umewahesabu jopo, Mhandisi, watu wa usalama, mpaka umri wangu umeuhesabu. Mtu mmoja tu hukumhesabu, na ndiye anayetamba na jina lako kwa wasoma mita.

Kwa hiyo sikiliza. Kesho saa tatu nitaingia na Mama ofisini kwa Mkuu. Nitasema. Najua unacheka. Konokono atasema! Nimejizoeza tangu jana, safari hii bila bomba. Nitamwambia mimi ndiye niliyekuwa nayajenga "Maji", kuanzia tarehe fulani mpaka fulani, kwamba wewe hukujua, na kwamba Mama hakujua naingia kufanya nini. Nitamwomba azime swichi kuu kwa mkono wake, aiwashe, aone menyu ilivyo tupu, halafu anipe dakika sita. Sitasema ulidanganya. Nitasema hukujua, kwa sababu hukujua. Lile la karatasi sitamtajia, labda akiniuliza. Akiniuliza nitajibu.

Wewe una kazi yako huko. Mjomba anaondoka na chupa zake saa kumi na moja alfajiri, atakukabidhi barua hii kabla ya saa tatu. Nenda kwa Mhandisi mwenyewe, kabla simu ya Mkuu haijafika. Mfumo wako sasa unasimama, na umeujenga kwa mikono yako mwenyewe, siku tano, sita, si haba. Mwonyeshe hizo. Mwambie zile hamsini zilikuwa za nani. Pengine watakurudisha nyumbani. Pengine hawatakurudisha. Mimi siwezi tena kukufikia asubuhi kabla ya wewe kuamka.

Karatasi yako nakurudishia humu humu, bila sai—

Ngoja.

Kandambili za Mama koridoni. Ametoka jikoni. Anakuja huku, naona kivuli chake chini ya mlango.

Barua zako zote zimetandazwa hapa kitandani, na hii iko mapajani. Kwa kawaida ningekuwa nimeshazisukumia chini ya godoro, nimefungua kitabu cha hesabu, nimeinama. Nina muda. Anatembea polepole siku hizi.

Sizifichi.

Ameingia. Funguo ziko shingoni, zinang'aa. Ameuliza, "Unamwandikia nani na wewe, kurasa zote hizo?" Nikamwambia, kwa sauti aliyoisikia vizuri, "Namwandikia Dada." Akacheka, akasema, "Mpe salamu zangu Injinia." Kisha akaona mwandiko wako pale kitandani, uso wake ukafunguka.

Nimemsogezea zote. Ametafuta miwani, ameketi kwenye kitanda chako.

Ameanza na yako.

Mdogo wako